Kivoi wa Mwendwa na hesabu zilizobaki kichwani

Miaka zaidi ya kumi na tano iliyopita nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Mombasa. Tulitengeneza mabeseni, ndoo na majagi ya plastiki. Diploma yangu ya ununuzi na ugavi ilikuwa bado inanukia wino, na nilidhani najua kila kitu kuhusu malighafi. Nilimkuta mkuu wa stoo, mzee wetu mmoja aliyefanya kazi pale tangu mimi nikiwa madrasa. Alijua magunia ya chembe za plastiki yaliyobaki bila kuyahesabu. Alijua ni lini rangi ya bluu itaisha, nani wa kupigiwa simu meli ikichelewa bandarini, na mzigo upi umetengwa kwa oda ya nani. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake.

Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza kadi za stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sikuzijaza. Nilingoja mwisho wa mwezi nikamwuliza mzee, naye akanitajia namba, nikaandika. Ilikuwa rahisi, na mzee hakukosea hata siku moja.

Kisha mzee akafariki ghafla, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mola amrehemu. Tulimzika baada ya swala ya Ijumaa, na Jumatatu tukafungua stoo. Kufika Jumatano mashine zilikuwa zimesimama. Plastiki ilikuwepo, lakini rangi haikuwepo, na hakuna aliyejua mzee alikuwa ameagiza wapi na lini. Vibarua arubaini walirudishwa nyumbani siku kumi na moja, na siku hizo ziliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Kuna watoto ambao hawakuvaa nguo mpya Idi ile kwa sababu kadi zangu zilikuwa za kubahatisha. Hilo sijalisahau.

Mwaka juzi nilikwenda Mutomo, kaunti ya Kitui, kumpa pole mmoja wa wale vibarua aliyefiwa na mama yake. Tulishuka Kibwezi, kaunti ya Makueni, tukashika barabara mpya ya lami inayovuka mto Athi kwenda Mutomo hadi Kitui mjini. Ni mwendo wa saa chache tu. Usiku, watu wakiwa wamekaa nje ya nyumba ya msiba, wazee wakaanza kuzungumza habari za Kivoi, na mimi nikawa nasikiliza kwa masikio ya mtu wa stoo. Nilirudi Mombasa nikasoma nilichoweza kupata juu yake. Leo nataka kumsimulia, maana sisi watu wa pwani tunamdai na yeye anatudai.

Kivoi wa Mwendwa anasemekana kuzaliwa miaka ya 1780 na kitu, na makao yake yalikuwa Kitui. Wakamba wanasimulia kwamba wazee wao walikaa kwanza milima ya Mbooni, ambayo leo iko Makueni, kisha wengine wakavuka Athi kwenda mashariki kutafuta ardhi na malisho. Waliovuka walikuta nchi kame, yenye mvua zisizotabirika. Nchi ya namna hiyo humfundisha mtu hesabu mapema. Mvua ikikosa, shamba halina kitu, na lazima utoke kwenda kwa jirani mwenye chakula ukabadilishane naye ulicho nacho. Wakamba wana neno la safari hizo za kutafuta chakula wakati wa njaa: kuthuua. Wanahistoria wengi wanaona biashara yao kubwa ilichipuka hapo. Aliyetoka kutafuta mtama alijifunza njia, akajuana na watu, akaona ni nini kinapatikana huku na kinatakiwa kule. Safari ya pili hakwenda kwa njaa, alikwenda kwa faida.

Kilichotakiwa kule, yaani huku kwetu, kilikuwa pembe za ndovu. Mwanzoni mwa karne ya 19 bei ya pembe ilipanda. Wahindi wa Bombay walizitaka kwa bangili, na baadaye Wamarekani walizitaka kwa vitana na piano. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, mwaka 1837 akawatoa Mazrui Mombasa, na Unguja ikawa ndiyo ghala kuu la pwani yote. Lakini ndovu hawakuwa Unguja wala Mombasa. Walikuwa bara, na kati ya pwani na bara kulikuwa na nyika ya Taru, ambayo mtu asiyejua visima vyake alikuwa maiti kabla ya siku ya nne. Wakamba walikuwa wanavijua. Kuanzia miaka ya 1820 hadi karibu na 1860 ndio walioshika njia hiyo, na katika wafanyabiashara wao hakuna aliyetajwa zaidi ya Kivoi.

Misafara yake ilifika watu mia mbili hadi mia tatu. Hebu tusimame hapo kidogo, maana wengi husoma namba hiyo na kupita. Watu mia tatu wakitembea zaidi ya wiki tatu kutoka Kitui hadi Rabai na Jomvu, kisha wiki nyingine tatu kurudi, ni kama kiwanda kinachotembea kwa miguu. Malighafi yake yanatoka mahali pengi, bidhaa inakwenda soko moja, na katikati hakuna duka.

Kwanza, kupata mali. Pembe hazikutoka Kitui peke yake. Wakamba waliwinda wenyewe kwa mishale ya sumu, na walinunua kwa Wambeere, Waembu, Watharaka na wengine waliokaa ng'ambo ya mto Tana. Huwezi kufika kwa mtu siku moja ukamkuta na pembe kumi zikikungoja. Lazima uwe umemwachia kitu mapema, umekubaliana naye, na mna uhusiano wa kumfanya asimwuzie mwingine. Wakamba walitumia undugu wa kuchanjiana damu na watu wa makabila mengine ili mfanyabiashara apite kwa usalama na mali yake ingoje. Sisi leo tunaita hiyo mikataba ya wasambazaji. Wao waliitia kwenye damu.

Pili, vya kununulia. Mtu wa ng'ambo ya Tana hakutaka pesa. Alitaka nguo, ushanga, nyaya za shaba na chumvi. Vitu hivyo vilitoka pwani, kwa hiyo faida ya msafara huu ndiyo iliyokuwa mtaji wa msafara ujao. Ukila nguo zote, msimu ujao huna cha kununulia pembe. Ukileta ushanga wa rangi ambayo imepitwa na fasheni, umebeba mawe. Hapo ndipo mtu anapojulikana kama anajua kupanga au anabahatisha. Wakamba walikuwa pia na vyao vya kuongeza: wahunzi wao walitoa chuma kwenye mchanga wa mito, wakafua vichwa vya mishale na mikufu myembamba iliyosifiwa na kila aliyeiona.

Tatu, kubeba. Frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi mwenye nguvu hubeba karibu frasila mbili. Lakini mpagazi hula. Kila kibaba cha chakula kinachobebwa kinachukua nafasi ya pembe, na kila kibuyu cha maji vilevile. Ukibeba chakula kingi, unafika sokoni na mali kidogo. Ukibeba kidogo, watu wanalala njaa na mizigo inaachwa porini. Ukisafiri wakati wa kiangazi, mashimo ya mawe ya Taru yanayokinga maji ya mvua ni makavu. Ukisafiri mvua zimekolea, mito imejaa na mashamba yanataka watu hao hao unaowahitaji. Dirisha la safari ni dogo. Mwenye kiwanda leo anauliza: nikiagiza leo, mzigo unafika lini, na nitaishi na nini mpaka ufike? Kivoi aliuliza swali hilo hilo kwa mawingu, vibuyu na miguu ya watu.

Nne, soko. Wakamba hawakuwa wakiingia mjini Mombasa na kuuza watakavyo. Kati yao na wanunuzi walisimama Wadigo, Waduruma, Warabai na Wagiriama, kila mmoja akitaka hongo au sehemu yake ya udalali. Wakamba walijibu kwa kuweka watu wao karibu. Njaa ya miaka ya 1830 ilikuwa imeleta familia nyingi za Kikamba hadi nyuma ya Rabai, na makazi hayo yakawa kituo cha mwisho kabla ya soko. Mtu wako akiwa karibu na soko, unajua bei kabla hujashusha mzigo. Wakamba walio Rabai na Mariakani hadi leo si wageni. Walikuwepo kabla ya reli na kabla ya Mwingereza.

Sitamsafisha Kivoi kuliko alivyokuwa. Alikuwa tajiri, mwenye wake wengi na sifa ya uganga, na nyumbani kwake walikuwepo watumwa. Zama zile ndivyo zilivyokuwa, huku kwetu pwani zikiwa mbaya zaidi. Sifa anayostahili ni ya kazi yake.

Mzungu aliyeandika mengi juu yake ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe huku miezi michache baadaye, na mwaka 1846 akajenga kituo Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Novemba 1849 aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Alipita Taru, Maungu na Tsavo, akapita Kikumbulyu, yaani sehemu za Kibwezi ya leo, akavuka Athi na kufika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi huo. Kivoi alimpokea vizuri. Alimweleza juu ya mlima mrefu wa mbali wenye kitu cheupe kileleni, mlima ambao yeye alikuwa ameshauona katika safari zake. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo alilolichukua na kuliandika, na jina hilo ndilo leo liko kwenye pasi yako ya kusafiria. Wasomi wa Ulaya walibishana miaka mingi kama kweli kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Kivoi hakuwa na haja ya ubishi huo. Kwake mlima ulikuwa alama ya njia.

Krapf alirudi mwaka 1851. Safari hii alitaka kuanzisha kituo Yatta, lakini mambo yalimwendea vibaya akaelekea kwa Kivoi, na wakakubaliana kwenda pamoja mpaka mto Tana. Haukuwa msafara wa mamia. Lilikuwa kundi dogo. Mwezi Agosti, wakiwa wamekaribia mto, walivamiwa na wanyang'anyi. Watu wakatawanyika, na Kivoi akauawa hapo pamoja na baadhi ya waliokuwa naye.

Krapf alibaki peke yake porini. Alifika Tana akiwa amekaukiwa, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake. Alitembea usiku, akajificha mchana. Alipofika kwa watu wa Kivoi, ndugu wa marehemu walimlaumu kwa kifo chake na kutaka kumwua, akatoroka tena usiku. Alirudi Rabai na hakuiona Kitui tena.

Huwa namfikiria Kivoi katika saa ile. Mtu aliyepeleka mamia ya watu pwani na kuwarudisha, aliyejua kila kisima cha Taru, anakufa karibu na mto uliojaa maji, akiwa na watu wachache. Kila mpango una siku ambayo mwenyewe anasema: leo ni safari fupi tu.

Kifo kimoja hakikuua biashara ya Wakamba siku ile ile. Nikisema hivyo nitakuwa nadanganya. Lakini katika miaka iliyofuata, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilizidi kuingia bara yenyewe, ikawa na mtaji mkubwa na bunduki, na kufika miaka ya 1870 Wakamba hawakuwa tena wenye njia. Ndovu wa karibu walikuwa wamekwisha. Pembe haioti kama mtama. Ukichukua kila mwaka bila kuhesabu kilichobaki, stoo inaisha huku unajiona tajiri. Mwisho wa karne ilikuja njaa kuu ambayo Wakamba wanaiita Ngomanisye, na katika miaka hiyo hiyo reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikapita Kibwezi na Makindu. Mzigo ukahama kutoka mabegani mwa watu kwenda kwenye behewa.

Na zile pembe zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda India. Nyingine, kupitia Unguja, zilifika jimbo la Connecticut, Marekani, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton. Huko zilikatwa vitana na funguo nyeupe za piano. Viwanda vile vilipanga kazi kwa makini sana: funguo za piano moja zililinganishwa rangi na mishipa ili zisitofautiane, na vipande vilianikwa juani kwenye nyumba za vioo mpaka vikawa vyeupe. Kutoka Massachusetts jirani ikarudi kwetu nguo ya pamba tuliyoiita amerikani, na ndiyo iliyobebwa hadi Kitui kununulia pembe nyingine. Tazama hesabu hiyo. Huku tulitoa kitu kibichi, tukapokea kitu kilichofumwa. Bara na pwani tulikuwa tukivutana juu ya hongo na udalali, na faida ya kutengeneza ikawa inabaki kwa wengine.

Nilipokuwa Mutomo niliona jinsi mambo yanavyoanza kubadilika. Kitui ina kiwanda cha kaunti cha kushona nguo pale Syongila, kilichofunguliwa mwaka 2018, ambacho wakati wa korona kilishona barakoa. Makueni ina kiwanda cha maembe Kalamba. Mtu akiniuliza ni nini kigumu kuhusu kiwanda cha maembe, nitamwambia ni kile kile kilichomsumbua Kivoi. Embe huiva kwa miezi michache, mashine inataka kazi mwaka mzima, na mkulima hawezi kungoja. Lazima ujue mapema nani atavuna lini, ana miti mingapi, lori lipi litamfikia, na rojo utaihifadhi kwenye nini mpaka mnunuzi aje. Hata wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, ambao tunapita mlangoni kwao kila siku, walifika mahali miti ya muhuhu ikawa haba, na wengi wakageukia mwarobaini unaoota kwetu kila uwanja. Huko ndiko kupanga malighafi: kujua cha kuchonga kesho kabla cha leo hakijaisha.

Sisi Waislamu tunajua kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alitafsiri ndoto ya mfalme: miaka saba ya neema, miaka saba ya ukame. Tunapenda kusimulia ndoto. Lakini waliookoka na njaa waliokolewa na ghala: nafaka iliachwa kwenye masuke yake isiharibike, kilicholiwa kikapimwa, na msimamizi mmoja akaomba yeye mwenyewe kukabidhiwa hazina kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mjuzi. Uaminifu peke yake hautoshi, na ujuzi peke yake hautoshi.

Mzee wetu wa stoo alikuwa navyo vyote viwili. Kivoi naye, kwa biashara yake, alikuwa na ujuzi ambao hakuna shule ingempa. Lakini kilichokuwa kichwani mwao waliondoka nacho. Habari za Kivoi tunazo kwa sababu mgeni aliandika, na aliandika alichokiona yeye: mlima, mto na kiu yake. Majina ya watu wa ng'ambo ya Tana waliokuwa wakimwekea pembe, vipimo alivyotumia, siku alizochagua kusafiri, hakuna aliyeyaandika.

Yule kibarua niliyemtembelea Mutomo ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani katika siku zile kumi na moja. Usiku ule wa msiba nilimwomba radhi kwa mara ya kwanza, nikamweleza habari za kadi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akaniambia kuwa yeye sasa ana duka la ndengu na mahindi sokoni na ana daftari. Asubuhi akanionyesha. Lilikuwa daftari la shule, lenye mistari ya kalamu ya risasi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mkewe analijaza, binti yake analijaza, na yeye analikagua kila Jumamosi. Mtu yeyote wa nyumba ile anaweza kuamka kesho akafungua duka.

Mimi mwenye diploma nililishika daftari lile muda mrefu. Basi nakuuliza, ndugu yangu mwenye karakana, mwenye duka, mwenye mgahawa, hata mwenye madrasa: Mola akikuchukua usiku wa leo, Jumatatu nani ataijua stoo yako?